Ndala Iliyobaki Kanisani

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo nataka kuungama kwanza, kushukuru baadaye.

Mama Neema mnanijua, yule wa kushusha ndizi kichwani kutoka mlimani hadi soko la Mkuyuni. Tangu biashara iachiwe huria na malori ya Dar yaanze kutufuata hadi sokoni, niliongeza mzigo. Wenzangu mkungu mmoja, mimi miwili! Nilijisifu sana, sifichi. Siku moja nikitua mzigo, kiuno kikalia kwa ndani, na moto ukashuka mguu wa kushoto hadi vidoleni.

Nilikandwa, nikasuguliwa, nikaombewa. Siku ya maombezi maumivu yalipungua kidogo, na mimi kwa haraka zangu nikasimama hapa hapa nikashuhudia kwamba nimepona kabisa. Mlipiga vigelegele! Kufika nyumbani, moto ukarudi palepale.

Ndugu zangu, hapo nikawa nimejifunga mwenyewe. Ningechechemeaje mbele yenu? Kila Jumapili nilitembea wima nimeuma meno, nikirudi nyumbani natambaa kwenda jikoni. Mguu ukaanza kufa ganzi. Niliogopa kuupoteza, lakini ninyi niliwaogopa zaidi.

Jumapili moja nilipita mbele kutoa sadaka, ibada ikaisha, nikaenda zangu. Mchana mama mchungaji akaja ameshika ndala yangu ya kushoto. Ilinivuka kanisani, katikati ya viti, nami nikatembea peku mguu mmoja hadi nyumbani bila kujua. Kutazama unyayo, umechanika, unatoka damu, wala sikusikia kitu. Nikamwambia yote.

Akakaa kitandani kwangu, akasema taratibu, "Mama Neema, Mungu hakukuomba umsemee uongo. Kesho tunaenda hospitali."

Morogoro walituelekeza kwa daktari bingwa Dar es Salaam. Akanionyesha kwenye picha: katikati ya pingili za mgongo kuna vitu laini kama mito midogo ya kulalia, na kimoja changu kimechomoza, kinabana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Nilidhani nitapasuliwa mgongo mzima kama samaki. Akacheka, akanieleza kwamba atapitia tundu dogo lisilozidi upana wa kidole, kwa mrija wenye kamera. Nilichomwa sindano ya ganzi, nikalala kifudifudi macho wazi, nikiomba. Yeye alitazama kwenye televisheni huku akikitoa kile kipande kidogo kidogo. Ghafla ule moto ukazimika!

"Mama, chezesha kidole gumba cha mguu," akasema.

Kikacheza. Ndugu zangu, nililia mpaka wakanisihi nitulie wamalize kazi. Kesho yake nilitembea mwenyewe, ingawa ganzi ilichukua miezi kuisha.

Namshukuru Mungu aliyeweka ujuzi katika mikono ile, na aliyemtuma mama mchungaji na ndala yangu. Siku hizi nabeba kichane kimoja tu cha ndizi, na Baba Neema ananitania kwamba nimekuwa bibi harusi. Nimeridhika.

Nawe uliyewahi kusimama hapa ukasema umepona, na bado unaumia, mkabidhi Yesu ukweli wako wote. Mwambie yeye, kisha utuambie na sisi. Hatutakucheka. Nitakusindikiza mimi mwenyewe kushuka mlima hadi hospitali, maana sasa naisikia kila kokoto, kwa miguu yote miwili!