Chungwa Bila Uchungu

Ndugu waombolezaji, Jumamosi ya tarehe 14 Aprili 1956, mvua ya siku tatu ikiwa haijakatika na maji yamefika kizingitini, alizaliwa mdogo wangu tunayemsindikiza leo, mtoto wa nne wa seremala na mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1975.

Januari 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha bia kuosha mapipa, na kufikia 1988 alikuwa mpishi mkuu wa bia, mwenye bia yake mwenyewe, nyeusi kama masizi, iliyoanza ulimini kwa ladha ya shayiri iliyokaangwa, ikafuatiwa na utamu wa zambarau mbivu na ukakasi wake kidogo, na ukishameza ikakuachia harufu ya ganda la chungwa, alilolimenya kwa kisu chake bila kugusa weupe wa ndani, akiwaonya wenzake kwamba chungwa na uchungu havipishani sana, ndipo wakambandika jina la Bwana Ganda, naye akaitika.

Tarehe 9 Juni 1984 alimwoa karani wa bohari, asiyekunywa pombe, aliyetangaza mbele ya wakwe kwamba anaolewa na mtu, si na pipa, wakajaliwa binti mmoja, ambaye naye ni mpishi pale pale kiwandani.

Machi 2023 alipatikana na uvimbe nyuma ya pua, matibabu yakampunguzia maumivu lakini yakamnyang'anya ladha, hata hivyo Septemba aliomba apike tangi moja la mwisho, ili aondoke akijua kwamba mkono wake bado ni ule ule. Tulionja sisi ndugu na wenzake, tukasifu, maana nani angemvunja moyo mgonjwa, ila binti yake alikitua kikombe na kusema, "Baba, ni chungu. Umetia na weupe." Mdogo wangu akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Afadhali wewe, mwanangu. Hawa wenzako wameshaanza kunizika," akafungua bomba la chini ya tangi kwa mkono wake, bia yote ikamwagika, na kesho yake wakapika upya, binti akimenya na kuonja, yeye akiuliza na kuelekeza kutoka kitini, ikatoka kama zamani.

Alituaga Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti kabla hatujaviomba, na wafanyakazi wenzake, waliozima mitambo ili wawe nasi. Pumzika sasa, Bwana Ganda, kazi yako imeonjwa na imekubaliwa.

Ukweli wa mwanao uligharimu lita mia nne.