Dorkas Aliyeonja Kwanza

Marehemu Dorkas Eliamini alizaliwa Suji tarehe 2 Juni 1948, kifungua mimba wa mzee Eliamini na mama Nakiete. Alisoma hapo hapo Suji mpaka darasa la nne. Lakini shule yake kubwa ilikuwa chungu cha mama yake, kwani kwao mwenye chakula huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo mgeni anyooshe mkono.

Mwaka 1971 alifuatana na familia moja hadi ng'ambo ya mpaka, akaishia jikoni kwa mke mdogo wa mtawala wa huko. Nchi yenyewe hakuitaja hadi anakufa, basi nayo haitatajwa hapa. Mtawala yule watu walimpigia makofi huku magoti yakigongana. Siku ya kwanza Dorkas aliweka makande mezani, akachota kijiko, akala yeye. Walinzi wakaruka! Mke yule akacheka: "Mwacheni. Humu ndani ni yeye peke yake anayekula ninachokula."

Miaka mitatu alionja kila mlo. Kisha mama yule akamuudhi mumewe, kwa kumwombea kaka yake atolewe gerezani. Mchana mmoja wa Agosti 1974, ofisa akaingia jikoni na unga kwenye karatasi. "Tia kwenye mchuzi wa mama. Ukifungua mdomo, kwenu hurudi." Akasimama pale mpaka ukatiwa. Dorkas akabeba bakuli, akaliweka mezani, akarudi nyuma, akafunga mikono kifuani. Hakuonja.

Mama yule akamtazama. "Leo tumbo linaniuma," akasema, akasukuma bakuli. Wiki haikuisha, alikuwa ameondoka nchini kwenda kutibiwa, na mbeba sanduku lake alikuwa Dorkas.

Aliporudi Suji, maneno ya ile sumu yalikuwa yamemtangulia. Tarehe 18 Desemba 1976 aliolewa na Loth Mbwambo, fundi seremala. Mama mkwe akasukuma sahani: "Chakula cha mpishi wa ikulu? Sili mimi!" Dorkas akakaa, akala sahani yote. "Mama, nimeonja mpaka nimemaliza. Nikupakulie nyingine?" Mama mkwe akacheka, akala. Wapo ambao hawakuwahi kula kwake, na baadhi yao wamekaa hapa mbele. Wanaosema sumu aliishika, ni kweli aliishika. Wasichosema ni kwamba aliyewekewa sumu hiyo alizeeka, akalea wajukuu.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022, akawa anatibiwa Same. Hata kitandani, uji ukiletwa, alimwambia bintiye, "Onja wewe kwanza, Irine, usije ukaniunguza." Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, miaka kumi na sita baada ya mumewe.

Ameacha watoto watatu, Irine, Gideoni na Fredrick, wajukuu tisa, na mdogo wake Raheli, msomaji wa maneno haya. Makande ya leo yamepikwa kwenye chungu cha marehemu. Raheli ataonja mbele ya wote, kisha sahani zitaanzia viti vya mbele.

Lala kwa amani, dada Dorkas. Leo watakula.