Kusugua Si Kuchovya: Labhuben Pomal Anastaafu

Baada ya miaka thelathini na minne mbele ya dirisha la kaskazini, Labhuben Pomal anastaafu tarehe 31 Machi. Tulimwomba abaki hadi Diwali. Alikataa. Wanaomjua hawakushangaa, maana kukataa ndiyo kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote.

Alipoingia Nyumba ya Upimaji hapa Bhuj, binti wa sonara mwenye suka refu na sauti kubwa, alipewa meza ya sarafu kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Heshima ilikuwa kwenye dhahabu. Mezani kwake zilikuja kori, sarafu za zamani za hapa Kachchh, zimefungwa kwenye pindo la sari, na wenyewe walitaka kujua jambo moja tu: hii ni fedha, au ni shaba iliyochovywa fedha?

Tatizo letu ni desturi yetu. Kila Diwali sarafu za nyumbani huogeshwa kwa maziwa, zikasuguliwa kwa ukwaju na majivu mpaka zing'ae, ndipo ziwekwe mbele ya Lakshmi, mungu wa utajiri. Mjukuu akizileta kwetu, mtu mwenye haraka huona ule mng'ao akasema ni bandia. Neno hilo lilimuuma Labhuben kama jino. "Kusugua si kuchovya," alimwambia kila mgeni wa kazi. "Aliyesugua amepunguza, aliyechovya ameongeza. Angalia kilichotokea, halafu ndiyo ufungue mdomo."

Alitufundisha kuangalia. Kori iliyosuguliwa ina mikwaruzo myembamba, herufi zake zimelainika vichwani, na uchafu wa zamani umebaki miguuni mwa herufi, kidole kisikofika. Iliyochovywa imevaa ngozi moja kila mahali, hata mashimoni. Herufi zimevimba kama maharage yaliyolowekwa, na ukingoni wekundu wa shaba unachungulia.

Chai aliinywa kwenye kisahani, lenzi ikiwa bado jichoni. Siku moja aliinua sahani ya mizani badala ya kisahani, akaipuliza vizuri kabisa kabla ya kugundua. Na kamati ya sherehe hii ilipopendekeza kumpa nishani iliyochovywa dhahabu, aliuliza kama itakuja na tupa ya kuikwaruzia. Tumenunua shali.

Lakini kisa kinachopaswa kubaki katika nyumba hii ni cha kidani cha Rasila.

Ilikuwa mwezi wa Vaishakh, wakati wa joto kali, siku mbili kabla ya ile siku moja ya mwaka ambayo Waahir, wafugaji wa upande wetu, huozesha watoto wao wote. Anayeikosa husubiri mwaka mzima. Bibi harusi, Rasila, aliingia na bibi yake Puriba, na nyuma yao Monghiben, shangazi wa bwana harusi, ameshika tupa mkononi. Kidani kilikuwa na kori kumi na moja, na Monghiben alikwisha kutangaza mbele ya wageni kuwa zote ni shaba. Zikithibitika ni shaba, harusi hakuna.

"Kata moja tuone tumbo lake," alisema Monghiben.

"Na wewe nikukate nione kama una damu?" alijibu Labhuben. "Weka tupa yako chini, dada. Hapa tunatazama kwa macho."

Akafungua uzi, akazitazama moja moja. Kumi zilikuwa fedha safi, zimesuguliwa tu. Ya kumi na moja, ile ya katikati, aliitazama mara ya pili. Marehemu mume wangu Damji, aliyekuwa kwenye mizani, aliipima, akamgeuzia tu mizani aone mwenyewe. Ilikuwa nyepesi. Ukingoni ilikuwa nyekundu.

Msimamizi wetu wa wakati huo, Vasantbhai, mtu mwema aliyeogopa kelele, alimvuta pembeni ambako sote tulisikia. "Labhuben, kumi kati ya kumi na moja! Andika zote fedha, watoto waoane. Mungu atasamehe."

"Mungu atasamehe. Nikidanganya kwa hii moja, hizo kumi ataziamini nani?"

"Unajua naweza kukuondoa kwenye hiyo meza."

"Meza ni yako, Vasantbhai. Jicho ni langu."

Akarudi, akasema kwa sauti: kumi fedha, moja shaba iliyochovywa. Monghiben akapiga makofi. "Si niliwaambia? Ukoo wa wachovya!" Rasila akainamisha kichwa.

Ndipo Puriba aliposimama. "Nyamaza wewe. Ile ya fedha niliiuza mimi. Mwaka wa ukame, babu yake Rasila alikuwa anatapika damu, na daktari halipwi kwa machozi. Nikaweka shaba mahali pake, nikaificha katikati ya wenzake, nikaisugua kila Diwali kama wenzake. Ukwaju wangu mwenyewe ndio uliotoa siri yangu. Na angeugua tena, ningeuza na hizo kumi!"

"Basi hiyo moja itolewe," alisema Monghiben, sauti imeshuka.

"Haitoki," alisema Rasila, na sasa kichwa kilikuwa juu. "Nikija kwenu, shangazi, nakuja na zote kumi na moja, na cheti kiseme hivyo hivyo. Asiyetaka aseme leo. Mwakani si mbali."

Labhuben aliandika cheti kama alivyoona, kisha akatunga kidani upya kwa mkono wake, ya shaba katikati. Monghiben alimgeukia bibi harusi. "Ulimi mkali," alisema. "Utatufaa. Tuna nyati wasiosikia." Walioana siku ileile ya Waahir.

Vasantbhai hakumwondoa mtu mezani. Msimu uliofuata foleni ilifika mtaani, watu wakimuulizia yule mama anayesema hata ya kumi na moja.

Damji alipofariki, wengi walinipa maneno matamu, na ninawashukuru. Labhuben alikuja na bakuli la kichri, wali uliopikwa na choroko, akakaa sakafuni karibu nami. "Inauma," alisema, "na itauma." Hilo ndilo neno lililonishika.

Labhuben, asante kwa kila "hapana" uliyotusemea sisi tuliokuwa waoga. Sasa ule chakula cha mchana kikiwa bado cha moto, na macho yako yapumzike. Tunakutakia afya na Diwali nyingi zenye wajukuu. Na ukisikia mtu sokoni anazisingizia kori za watu, tunajua hutanyamaza. Usinyamaze.