Gideon Hartsough, Aliyemfuata Mtu wa Kumfukuzisha Kazi

Tarehe 30 Aprili 1811, Bwana Gideon Hartsough anastaafu baada ya kuwa Mpambe wa Bunge la jimbo letu kwa miaka ishirini na mitatu, ukiondoa majira ya baridi ya mwaka mmoja. Karani Mkuu alishauri majira hayo yasitajwe. Bwana Hartsough alipoulizwa, alisema bila hayo hakuna cha kuandika.

Alianza kazi Katiba ikiwa bado mbichi. Walioitunga walikuwa wametoka kumkataa mfalme, na waliogopa wasije wakapata wafalme wengine, watu wachache wanaojifungia chumbani na kuwatungia wote sheria. Kwa hiyo tuna akidi: wajumbe wasipotimia, hakuna kura. Bahati mbaya, wajumbe wana mashamba na tumbo, na mjini kuna vilabu. Kazi ya Mpambe ni kuwafuata na kuwaleta.

Aliwaleta kutoka kanisani, kwa kinyozi, na mmoja kutoka juu ya mti wa mtofaa. Hakumshika mtu ukosi. Alisimama tu na fimbo yake ya shaba hadi mtu akaona haya.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1798, siku ya mwisho ya kikao, ulibaki mswada mmoja: kufuta cheo cha Mpambe ili kubana matumizi. Wajumbe wengi walikwisha kwenda kulima, na akidi ilipungua mtu mmoja. Kikao kikifungwa hivyo, mswada ungekufa. Spika alimtuma Bwana Hartsough amtafute huyo mmoja. Angerudi na kusema hakumwona mtu, nani angemlaumu? Alikuwa na mke na watoto watano.

Alimkuta Mheshimiwa Jost Ickes katika nyumba ya wageni, buti kavua, anakunywa supu ya chaza. (Mheshimiwa ameisoma aya hii na kuiruhusu, ila anasisitiza kwamba supu ilikuwa ya kuku.)

“Hartsough, umerogwa?” Mheshimiwa aliuliza. “Nikiingia mle ndani, kesho huna kazi! Unajua nitapiga kura gani?”

“Mji mzima unajua, Mheshimiwa. Vaa buti.”

“Niache nimalize supu basi, mswada ufe, ukalale kwa amani.”

“Kura ni yako, mimi siigusi. Mlango ndio wangu. Vaa buti.”

Mheshimiwa alivaa buti, akaingia, akasema “Ndiyo” kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Mswada ulipita kwa kura moja. Bwana Hartsough aliwafungulia wajumbe mlango, akaweka fimbo mezani kwa Spika, akaenda nyumbani kwa miguu.

Majira ya baridi yaliyofuata, Bunge lilikaa wiki tatu likitazamana na viti vitupu. Aliyeumia zaidi ni Mheshimiwa Ickes, aliyekuwa ameahidi watu wa wilaya yake daraja. Siku moja ya theluji alipanda farasi hadi shambani kwa Bwana Hartsough, akamkuta zizini, miguu ndani ya viatu vya mbao, anakamua ng’ombe. Mheshimiwa alisimama mlangoni, akasema, “Vaa buti.”

Spika alimkabidhi Bwana Hartsough fimbo kwa siku hiyo tu. Kufikia adhuhuri akidi ilikuwa imetimia, na kura ya kwanza ilirudisha cheo chake. Aliyeanza kusema “Ndiyo” tunamjua. Daraja lilipita siku ya pili.

Chakula cha kumuaga ni leo jioni, saa kumi na mbili, ukumbini. Bwana Hartsough ametuma ujumbe kwamba hapendi kusifiwa na hatafika. Mheshimiwa Ickes, ambaye sasa anatembelea mkongojo, ameomba fimbo ya shaba na ruhusa ya Spika, na amekwisha kutoka.

Bwana Hartsough, asante kwa viti vilivyojaa. Bunge zima linakuombea afya, mavuno mazuri na siku ndefu za kupumzika. Lakini kuanzia kesho. Leo, vaa buti.