Morris Wekulo, Mwenyekiti Aliyeuza Kifua cha Jezi Mara Mbili

Marehemu Morris Wekulo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974 huko Sirisia, Bungoma, mtoto wa pili na kijana wa pekee kwa mama yake. Dada yake mkubwa, Nereah, ndiye anayewasomea haya, na mjane Rachael amemwomba asifiche kitu.

Alisoma shule ya msingi ya pale pale kijijini, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1989. Hesabu alipita vizuri sana. Zilimsaidia nini, familia haijui hadi leo.

Mwaka wa 1993 alikuja Nairobi, akafunzwa kuchomelea vyuma Kawangware, sehemu ya Kongo. Mageti mengi mnayofungua kila asubuhi ni kazi ya mikono yake. Tarehe 8 Desemba 2001 alimwoa Rachael Kavetsa, fundi wa nguo, wakaishi Mashimoni, Kibera. Alikuwa mume mpole. Ukimgombeza anacheka, na hapo ndipo hasira inakupanda kabisa.

Kisha ikaja timu. Mwaka wa 2016 alichaguliwa mwenyekiti wa Kongo Kombaini, timu ya mpira ya mtaa, na Rachael akapata mke mwenza mwenye miguu ishirini na miwili.

Mwaka wa 2023 Morris alitia sahihi mkataba na kampuni moja ya unga: jina la unga likae kifuani mwa jezi miaka mitatu. Pesa zikatoka, zikaisha. Mwaka uliofuata akaikopea timu kwa Mzee Osman, mwenye duka la mabati na misumari kule Kibera. Osman naye akasema sawa, lakini jina la duka likae kifuani. Mwenyekiti akakubali! Kifua ni kimoja, jamani. Na dhamana ya mkopo akaweka cherehani ya Rachael, bila hata kumwuliza.

Rachael alipojua, Morris alicheka tu. "Mama Tabby, wacha wasiwasi. Watu wa unga wanapiga picha kipindi cha kwanza, wanaenda zao. Osman anakuja akishaswali Alasiri. Vijana watabadilisha jezi mapumziko."

Na kweli walibadilisha, miezi na miezi, na hakuna aliyeshtuka. Siku moja hata Rachael alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Halafu Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, refa akakataa kupuliza kipenga hadi alipwe deni la mechi iliyopita. Watu wakaanza kuchanga, saa zikaenda. Osman akaswali, akafika uwanjani, akakuta ndiyo kwanza kipindi cha kwanza, na unga uko kifuani. Jumatatu akatuma watu wakachukua cherehani. "Tulikubaliana," alisema, na hakuna aliyeweza kumlaumu.

Tangu hapo Morris hakucheka tena. Presha ilimpanda, akalazwa mara mbili, na Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nane mchana, akafariki Rachael akiwa amemshika mkono.

Matangani, mweka hazina wa timu, Kavoi, alileta jezi ya kumzika nayo mwenyekiti. Alileta pia karatasi. Kamati ilitaka Rachael atie sahihi awe mdhamini wa madeni ya timu mahali pa Morris, eti mkataba wa unga usivunjike. Mwili haujazikwa!

Rachael aliuliza, "Na cherehani yangu?"

Kavoi akaangalia viatu vyake. "Hiyo tutaijadili, mama."

"Basi jadilini. Huyu mmekuwa naye miaka tisa. Sasa nirudishieni."

Hakutia sahihi, na jezi hakuipokea. Shati alilovaa Morris amelishona Rachael mwenyewe, kwa sindano na vidole, maana cherehani bado iko kwa Osman. Ni jeupe. Kifuani halina jina la mtu.

Ameacha mjane Rachael, watoto Tabby, Kevin na Audrey, na dada yake Nereah, ambaye alimpenda hata alipomchosha. Mungu ampe pumziko ambalo timu haikumpa. Na anayeidai Kongo Kombaini asibishe hodi kwa Rachael: kamati ndiyo ile pale, imesimama na jezi zake.