Klabu Ilizaliwa Lini

Dereva wa basi namba kumi na sita, Mu Chunsheng, alikuwa amesikia mabishano mengi tangu theluji ianze, lakini haya ya umri wa klabu ya mpira wa kikapu yalimfanya azime redio.

"Mama, klabu ilianza mwaka tisini na sita, ilipoingia ligi ya kulipwa," alisema bwana mmoja nyuma yake. "Ndiyo maana leo tunasherehekea miaka thelathini. Si imeandikwa hapa?" Akaonyesha skafu yake ya timu kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa.

Bibi Hao, aliyeketi kando yake, aliendelea kumenya mbegu za alizeti. "Mume wangu alikuwa akifunga vikapu mwaka sabini na mbili, pale kiwanda cha chuma, kwenye uwanja uliotandazwa majivu ya makaa. Jezi nilizishona mimi. Watu wako walichukua jina letu, rangi zetu, mpaka kocha wetu. Sasa sisi tulikuwa nani, wapita njia?"

"Ile ilikuwa timu ya kiwanda tu. Na kiwanda chenyewe kiko wapi? Kimebomolewa. Kitu ambacho hakipo hakihesabiwi, mama."

Chunsheng, anayelipwa kutazama mbele, alitazama kioo. Bibi alikuwa ameacha kumenya.

Bwana akainuka, akajifunga skafu vizuri. "Dereva, kituo cha Kiwanda cha Chuma, nishushe!"

Basi likasimama mbele ya maghorofa mapya. Mlango ukafunguka.

"Haya shuka, baba," alisema Bibi Hao. "Ukiwakuta kiwandani, wasalimie."