Mabati ya Akai

Gari la abiria, Probox, lilipotoka Lodwar, mabati yaliyofungwa juu ya paa lake yalipiga kelele hata Josiane, mkimbizi aliyekuwa akirudi kambini Kakuma, akashindwa kusinzia. Akamuuliza mama aliyeketi kando yake ni ya nani.

"Yangu," Akai akajibu. "Bwana yangu ananiacha, anauza nyumba. Basi auze kuta! Sisi Waturkana mwanamke ndiye anajenga, na akihama anabeba nyumba yake. Nimeng'oa yote leo asubuhi."

Josiane akacheka, akawaza kwamba huyu ndiye mwanamke kweli. "Na watoto, dada?"

"Wamebaki na baba yao mpaka mnunuzi aje."

"Kwenye nyumba hiyo hiyo?"

Akai akatazama jua lilivyochoma mchanga. Kelele haikukoma mpaka Kakuma, dereva aliposimama akauliza, "Mama, haya mabati tuteremshe wapi?"